Baraza ya Nje: Vipimo, Chokaa na Haki ya Mpita Njia

Kimo cha baraza ya nje, yaani kikalio cha mawe kilichojengwa ukutani mwa nyumba kando ya njia, ni sentimita 40 hadi 45 kutoka usawa wa njia. Ikishuka chini ya 35, mzee mwenye magoti mabovu atakaa vizuri lakini kuinuka ataomba mkono. Ikipanda juu ya 50, miguu ya watu wafupi inaning'inia, mapaja yanakufa ganzi, robo saa haifiki wameshaondoka. Upana, yaani kutoka ukutani hadi ukingoni, 45 hutosha kwa mtu wa kukaa tu. Lakini baraza za Unguja hazijawahi kuwa za kukaa tu. Hapo linachezwa bao, zinagongwa dhumna, linawekwa sinia la kahawa na kashata, na baada ya adhuhuri kuna mtu atajinyoosha. Kwa hiyo jenga 60: bao linalala katikati, wachezaji wawili wanapanda na kulielekea huku na huku, na mtazamaji wa tatu anapata pa kuegemea akiwafundisha wote wawili bila kuombwa. Kila mtu mhesabie sentimita 60 za urefu. Baraza ya mita 3 ni watu watano, na hao wanasikilizana wote bila kupaza sauti. Wa sita atakalia ndoo.

Tunaanza na sentimita kwa sababu ndiko mipango ya mji inakopotelea. Mji wa Zanzibar umepangwa mara nyingi. Mpangaji miji Lanchester alileta mpango wake 1923, mwenzake Kendall wake 1958, baada ya Mapinduzi wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na 1982 Wachina. Sasa chukua ramani ya mji iliyochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 10,000. Baraza ya sentimita 60 humo ina unene wa sehemu sita za mia za milimita, mwembamba kuliko mstari wa kalamu iliyochora ramani yenyewe. Haionekani. Na kisichoonekana kwenye ramani, siku ya kupanua njia hakina wa kukitetea.

Benchi la bustani ni la serikali, na kwa lugha ya mtaani maana yake si la mtu. Ubao mmoja ukivunjika hukaa hivyo mwaka, kisha wa pili hufuata, mwisho hubaki vyuma viwili. Baraza imeegemea ukuta wa nyumba ya mtu. Mwenye nyumba hakai peke yake hapo, wala si adabu kumfukuza mpita njia aliyepumzika. Ila anayefagia asubuhi ni wa nyumba hiyo, anayejua nani kalala hapo jana usiku ni yeye, na chokaa ikibanduka anayeona haya ni yeye. Mahali pa watu wote, lakini yuko mtu mmoja wa kuulizwa. Tumeona mara nyingi: nyumba ikihamwa na mwenyewe, baraza yake haimalizi miaka miwili kabla ya kugeuka jaa.

Kabla ya kujenga au kutengeneza, pima njia. Kipimo chetu ni jeneza. Lina upana wa sentimita 60 hivi na wabebaji wako pande zote mbili, kwa hiyo nafasi inayobaki baada ya baraza isipungue mita 1.5. Mita 2 ni bora zaidi, kwa kuwa jeneza hupokezanwa watu wakiwa wanatembea, na wanaotoka mbele hupishana na wanaoingia. Mkokoteni wa mizigo utapita hapo hapo. Njia ikiwa na mita 2 tu kutoka ukuta hadi ukuta, baraza iwe upande mmoja na isizidi 45. Kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe, hata kubandua lipu ya nje ni kazi ya kibali. Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, halafu mamlaka ya uhifadhi wa mji, iliyoanzishwa 1985. Picha tatu za baraza ilivyo na karatasi ya vipimo hufupisha maneno mengi. Nje ya hapo, sheha na manispaa.

Baraza mbili zinazotazamana kwenye uchochoro zina kosa jingine, nalo halionekani kwa futi. Mwanamke anayepita baina yake anapita kati ya safu mbili za macho. Hakuna atakayelalamika. Atabadilisha njia tu. Ukitaka kujua kama baraza inaubana mtaa, simama pembeni saa kumi na moja jioni na uhesabu nani anazunguka ili asipite hapo. Ukiona wasichana wa madrasa na kina mama wenye ndoo wanakwenda kutokea nyuma, hiyo baraza, hata ikiwa na wazee wenye heshima kiasi gani, imekula njia ya wengine. Dawa yake ni ndogo: viti upande mmoja tu, mfereji, yaani bomba la maji, usiwe mbele ya baraza bali umbali wa nyumba tatu nne, na mlango wa chuo cha Kurani utazame upande mwingine.

Waliojenga Mji Mkongwe walilijua jambo hili. Ndiyo maana ya wikio, kile kivuko cha juu kinachounganisha ghorofa za nyumba mbili, wanawake wakitembeleana bila kushuka njiani. Ng'ambo, mitaa iliyo mashariki ya Mji Mkongwe ambako nyumba ni za chini, kazi hiyo ilifanywa na ua. Uani ndiko kuna jiko, kisima au mfereji, mikeka na mazungumzo, na milango ya nyuma ya nyumba tatu nne ilielekeana. Anayepanga mtaa mpya akihesabu mahali pa wazi pa mbele tu, amehesabu nusu ya watu. Bustani ya Forodhani, mbele ya bahari, inawapata wote kwa sababu nyingine: kuna upepo wa bahari, kuna taa, kuna chakula cha kila bei, na kuingia ni bure, basi familia nzima inakwenda baada ya magharibi na hakuna anayeuliza mwanamke yule kakaa hapo kwa nini. Bustani ile ilifungwa ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2009 kwa kazi ya mfuko wa utamaduni wa Aga Khan. Nyasi na taa zilikuwa nzuri, lakini tunadhani jambo la maana kuliko yote ni kwamba wauza chakula walirudi.

Sasa chokaa, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje taratibu, kama nguo iliyoanikwa. Baraza imejengwa hivyo hivyo: mawe kando, kifusi cha mawe katikati, chokaa juu. Fundi wa haraka akija na saruji, anafunga lipu ngumu juu ya kitu laini kinachotaka kupumua. Unyevu hauna pa kutokea, unapanda ndani ya ukuta wa nyumba, chumvi inajikusanya nyuma ya saruji na kuisukuma. Mwaka wa kwanza baraza inapendeza. Wa pili, ukiigonga kwa ufunguo inalia tupu kama mtungi. Wa tatu inabanduka kipande kizima, na imeondoka na ngozi ya mawe. Ndani, sebuleni, rangi imeshaanza kuchubuka kwenye kimo cha mita moja, na mwenye nyumba analaumu rangi.

Kazi sahihi huenda hivi. Gonga baraza yote, chora kwa mkaa kila mahali panapolia tupu, kisha bandua yote uliyoyachora na sentimita 10 zaidi kila upande. Usitumie nyundo nzito, maana utalegeza mawe mazima. Patasi na nyundo ya kilo moja zinatosha. Sugua vumbi, mwagia maji jioni, na asubuhi mwagia tena kabla ya kuanza, kwa sababu jiwe kavu hunywa maji ya chokaa na kuifanya unga. Jiwe lililotoka lirudishwe lenyewe, na matundu makubwa yazibwe kwa vijiwe vidogo. Usijaze kwa chokaa tupu, itapasuka ikikauka.

Chokaa yenyewe, kama imetoka tanuuni ikiwa bado vipande, izimwe kwa kuitia ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa: inachemka, inaruka, na ikikuingia jichoni ni hatari kweli. Vaa miwani, weka ndoo ya maji safi karibu, na ikitokea imeingia osha kwa maji mengi mfululizo kisha nenda hospitali bila kungoja. Iache ilale chini ya maji mwezi mmoja au zaidi, na inavyozidi kukaa ndivyo inavyozidi kuwa laini kama samli. Chokaa ya mfuko wa dukani iroweke angalau usiku mmoja. Kwa lipu, debe moja la chokaa kwa madebe mawili na nusu hadi matatu ya mchanga. Kwa kuunga mawe, sehemu moja ya mchanga huo iwe udongo mwekundu uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi. Usitumie, au kama hakuna mwingine uoshe mara tatu kwa maji baridi ya mfereji.

Tabaka moja lisizidi sentimita moja na nusu. La pili lisubiri la kwanza likaze kiasi cha kutoingia ukucha, ambalo kwa kawaida ni siku kadhaa. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: chokaa haikauki kama saruji, inakomaa polepole kwa hewa, na ikikaushwa haraka na jua inabaki chaki. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, nyunyizia asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Wakati mzuri ni wa kusi, baina ya Juni na Septemba, mvua ya masika ikishapita na jua halijawa kali. Wakati wa kaskazi inawezekana, lakini ule upepo mkavu utakunyang'anya kazi usipofunika. Masika usianze.

Uso wa juu wa kukalia uwe na mteremko kutoka ukutani kwenda nje, sentimita moja kwa kila 50. Ukielekea ukutani, kila mvua ni bwawa dogo mgongoni mwa nyumba. Ukingo wa mbele uviringe kwa chupa. Ukingo mkali hukata mapaja na ndio wa kwanza kumeguka mtoto akirukia. Mwisho paka maji ya chokaa mipako mitatu myepesi, na kila mwaka rudia mmoja kabla ya Ramadhani, kwani huo ndio mwezi baraza inapofanya kazi hadi daku.

Kimo ulichokipima leo hakitabaki. Kila njia inapowekwa tabaka jipya la zege au matofali bila kuchimbua la zamani, baraza inazama. Matabaka matatu ya sentimita 6 yamekula 18, na baraza ya 42 imebaki 24, yaani ngazi. Wazee hawakai tena, wanakaa vijana wanaoweza kuchuchumaa, na mtaa unashangaa baraza imebadilika watu. Ubaya wa pili ni maji. Kizingiti kilichokuwa juu ya njia sasa kiko sawa nayo. Mwaka wetu huteremsha zaidi ya milimita 1,500 za mvua na sehemu kubwa huja masika. Mvua kubwa ikigongana na bamvua, bahari ikiwa imepanda karibu mita 4 juu ya pale iliposhukia, midomo ya mitaro iko chini ya maji na mtaro haumwagi, unarudisha. Darajani na Mnazi Mmoja ni mahali palipokuwa pa hori la bahari kabla ya kufukiwa, na maji hayajasahau. Siku hiyo baraza ndefu iliyoungana nyumba kwa nyumba ndiyo njia ya miguu. Kwa hiyo mkandarasi wa njia akija, dai jambo moja tu liandikwe: tabaka la zamani lichimbuliwe kwanza. Na vipimo vya vizingiti viandikwe kabla, mbele ya sheha.

Kivuli ni rahisi kukipata ukijua jua linakwenda wapi. Baraza inayotazama mashariki ina kivuli cha ukuta wake yenyewe tangu alasiri, wakati ambao watu wanatoka, na inapata pepo zote mbili, kaskazi na kusi, kwa kuwa zote hutujia kutoka upande huo. Baraza inayotazama magharibi huoka hadi jua litue, na jiwe linaendelea kutoa joto mpaka isha. Hiyo inataka mti au upenu. Mkungu hutandaza matawi yake kama dari na kukua upesi, ila hudondosha majani na kungu, na usiku popo. Mwarobaini una kivuli kizuri na usumbufu mdogo. Panda mita 5 kutoka ukutani, si mita moja kama wengi wafanyavyo. Upenu wa bati upitilize ukingo wa baraza kwa sentimita 20, la sivyo tone la mvua linatua juu ya paja la aliyekaa. Taa usiiweke juu ya vichwa. Iweke upande wa pili wa njia, kimo cha mita 3, iwaangazie nyuso, ili anayekuja awajue waliokaa kabla hajawafikia.

Majumba ya Michenzani yanafundisha kwa kinyume. Yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki kando ya barabara mbili zinazokatana, mahali palipokuwa na nyumba za Ng'ambo, na waliohamia walipata vyumba imara, vyoo vya ndani, umeme. Hilo si dogo na wanaoyabeza hawajalala nyumba inayovuja. Lakini chini, baina ya jumba na jumba, paliachwa ardhi pana isiyo na ukuta wa mtu. Ilikuwa ya wote, na jua lake lilikuwa la wote. Wakaazi wakaigawa wenyewe: baraza za saruji zikaota kwenye midomo ya ngazi, kibanda cha duka hapa, kamba za nguo pale, mkeka wa kina mama chini ya mti. Ukitazama vizuri, vyote vimebanana karibu na ngazi, mita 10 za mwanzo, na katikati panabaki uwanja wa mpira na njia ya mkato. Sababu ni ile ile: kwenye ngazi kuna watu wanaojuana. Mama wa ghorofa ya pili anamtambua mwanawe kwa sura na anamwita kwa sauti ya kawaida, wa juu kabisa anaona fulana tu. Anayetengeneza mahali pa watu kwenye majumba ya namna hii aweke viti kwenye midomo ya ngazi, na mfereji uwe karibu, kwa sababu maji yasipopanda juu, ndoo ndizo zinazowakutanisha watu.

Mambo mawili yanaiua baraza iliyojengwa vizuri. La kwanza ni rangi za vyama. Maskani, yaani kijiwe cha wafuasi wa chama, ina ubao wake na wenyewe, na ubao wa maskani ya Kisonge unajulikana visiwa vizima. Hiyo ni sehemu ya siasa zetu. Lakini baraza ya mtaa ikishapakwa rangi ya upande mmoja, nusu ya mtaa inasalimia kwa mbali na kupita. Chokaa nyeupe haimsemei mtu. La pili ni gari, bodaboda na vespa, ambazo huegeshwa mbele ya baraza mpaka hakuna pa kutia mguu. Nguzo mbili za jiwe, sentimita 70 kwenda juu, zikiachana mita 1.2, zinazuia gari. Vespa hazizuiliwi na nguzo, ila na mwenye nyumba kusema.

Kwenye mitaa mipya, Fuoni, Tomondo, Mpendae na kwingineko, baraza haipo kwa sababu ukuta wa uzio umejengwa juu ya mpaka kabisa wa kiwanja, na juu yake vipande vya chupa. Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa karibu watu laki tisa kwenye sensa ya 2022, na wengi wao wanaishi kwenye njia zenye kuta pande mbili na hakuna pa kusimama na jirani. Kujenga baraza nje ya uzio ni kuingia barabarani, itavunjwa, na ni haki ivunjwe. Rudisha uzio ndani sentimita 60 kwa urefu wa mita 4 karibu na geti. Umetoa mita za mraba 2.4 za kiwanja chako, na baraza imekaa ndani ya mpaka wako. Chagua upande wa mashariki kama kiwanja kinaruhusu. Kwa uzio wa matofali ya saruji, baraza ya saruji haina ubaya, msingi uwe sentimita 30 na uso wake na mteremko ule ule. Geti lifungukie ndani, lisije likampiga aliyekaa.